Kwa Kayaki Mpaka kwa Mama Mkwe

Tangu nirudi, kila anayenikuta ananiuliza swali lilelile: ni kweli ulifika Mboko na kile kitu cha plastiki? Na wengine wanaongeza la pili: kwa nini sasa cherehani yako iko ufukweni, kwenye payoti ya Kashindi, kile kibanda cha nyasi, na nyumba unayo? Naandika mara moja, mpitishiane. La kwanza nitalijibu sasa hivi. La pili litajijibu lenyewe mkifika mwisho. Atakayeniuliza tena baada ya hapo, nitamshonea suruali yenye mguu mmoja mfupi.

Kilibula, mlangoni

Kwa wasionijua: mimi ni Papa Riziki, fundi wa kushona wa Kilibula, hapa Uvira, na sipendi kutoka nyumbani. Nilipomaliza sekondari na diplome yangu mkononi, nilipewa kazi ya kufundisha Bwegera. Nikauliza kama wanafunzi hawawezi kuja huku. Miaka hii ziwa lilipopanda likaingia mpaka kizingiti cha jikoni, majirani walilia. Mimi nilisema moyoni: hata ziwa limekuja lenyewe kunitembelea, mimi nitoke niende wapi?

Mke wangu Furaha ni mtu wa Mboko. Alikwenda kwao na binti yetu Riziki kusaidia matayarisho ya harusi ya mdogo wake. Siku moja akanitumia sauti kwenye simu, na nimeisikiliza mara nyingi kuliko habari za redio.

"Papa Riziki, wakati wa kunioa ulituma bajomba bako baje banichukue, weye ukabaki Kilibula eti uko na malaria. Mpaka leo kwetu banajua picha yako tu. Mama anauliza kama weye ni muntu ao ni kalenda. Sasa, harusi ni Jumamosi. Ukifika, tutarudi pamoja. Usipofika, utume manguo yangu yaliyobakia. Minye nitabaki huku."

Nyuma ya sauti yake nilisikia kuku na, naapa, watu wakicheka.

Nilijua hatanii. Furaha akitania anapandisha sauti, na safari hii alikuwa ameishusha. Nikatoka kutafuta gari. Mvua ilikuwa imebeba daraja, magari yote yamesimama. Nikaenda bandarini kutafuta boti. Boti zilikuwa zinangoja mafuta, na mafuta yalikuwa yanangoja daraja. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni na, niseme ukweli, nafuu kidogo. Mtu amejaribu, dunia imekataa.

Hapo ndipo alipoingia Kashindi, binamu yangu. Kashindi anachunga payoti ya ufukweni ambako watu wa wikendi wanakula mikeke, samaki wa ziwa, kisha wanalipia kuzungushwa na kayaki: mtumbwi mwembamba wa plastiki, wa manjano, wenye viti viwili na kasia la pande mbili. Bosi wake alikuwa ameuza moja kwa mtu wa Mboko.

"Nitaipeleka kwa maji," alisema. "Nakosa tu muntu wa kiti cha mbele."

"Mimi?"

"Unajua kuogelea?"

"Nilizaliwa Uvira."

"Sikuuliza kwenye ulizaliwa."

Asubuhi ya Alhamisi nilivaa jile ya kuokoa, ile fulana nene ya rangi ya chungwa, juu ya shati la harusi. Majirani walitoka wote. Mama mmoja aliomba anipige picha nikiwa nje ya ua, akasema wajukuu wake hawatamwamini.

Kilibula hadi Kalundu

Sehemu hii mtu mwenye miguu anaitembea bila kutoka jasho. Sisi tulichelewa mpaka jua likawa kichwani, kwa sababu kila nilipopiga kasia kulia, Kashindi aliyekaa nyuma alikuwa anapiga kushoto, na kayaki iligeuka kutazama nyumbani. Kashindi anasema ni mimi. Mimi nasema kayaki ilikuwa na akili.

Kalundu tulitia nanga kununua maji. Wavuvi walituzunguka.

"Iyi beseni, mutoto wa kuogesha iko wapi?"

"Haiko beseni. Ni ganda ya maharagi. Angalia, maharagi mbili ziko ndani."

"Papa, munaenda wapi na ganda yenu?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika ndagala, dagaa wa huku kwetu.

"Mboko."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye mchanga. Nikangoja wamalize, nikasema: "Nakwenda kwa bakwe. Sijafika kule hata siku moja. Mke wangu amesema nisipofika Jumamosi, harudi."

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mambo ya ukwe hapa kwetu hayana mzaha. Mama mkwe humwangalii usoni, humpi mkono, huli mbele yake, na ukiwa na jambo la kumwambia unampitishia mtu mwingine, hata kama amesimama pale pale. Ukimwona njiani, mmoja wenu anageukia kichakani. Yule mama aliacha ndagala zake akanitazama kwa huruma.

"Kwa bakwe, na mikono mitupu?" Akanifungia ndagala kavu kwenye sasheti ya plastiki. "Usiseme miye nilikupa. Sema ulileta weye."

Kashindi akaifunga kwenye kiti, tukaondoka tukinuka. Wavuvi walituaga kwa heshima, kama watu wanaokwenda hospitali.

Kalundu hadi Makobola

Alasiri ya siku hiyo tulikaribia Makobola. Kando ya maji vijana walikuwa wanacheza mpira. Upepo wa mlimani ulikuwa unasukuma kila kitu kuelekea ziwani, na mpira nao ulikwenda. Kipa wao, jitu refu lenye glavu, akaufuata kwa kuogelea.

Nadhani mmeshawahi kuona mpira juu ya maji wenye upepo. Ukiufikia, umeshasogea. Kipa alinyoosha mkono, mpira ukasonga. Akanyoosha tena. Alipogeuka kutazama nchi kavu, ilikuwa mbali kuliko alivyoiacha. Hapo akasahau kuogelea. Alianza kupiga maji kwa viganja kama anafukuza nyuki, kichwa kinaingia na kutoka, na wenzake ukingoni wanampa mashauri:

"Gadien! Rudi na mugongo!"

"Gadien! Usimeze!"

Tulipiga kasia mpaka tukamfikia. Kashindi alikuwa anasema kitu nyuma yangu, lakini mimi nimelelewa vizuri: mtu akininyooshea mkono, nampa wangu. Nikampa.

Wapendwa, kazi ya kipa ni kudaka. Alidaka kiganja, akadaka kiwiko, akadaka shingo. Kayaki ikapinduka. Tukawa ndani ya maji, amenikumbatia kwa mikono na miguu kama penalti ya mwisho ya fainali, na anapanda. Jile yangu ilikuwa ya mtu mmoja. Ilijaribu kubeba wawili, ikashindwa nusu, na nusu hiyo ilikuwa pua yangu.

Kashindi hakuja kunivuta. Nilimwona, kati ya kuzama na kuibuka, amekaa mbali huku ameshika kayaki iliyopinduka, na mimi nikaanza kumchukia kwa moyo wote. Kumbe alikuwa anafungua kamba ya bidoni. Tulikuwa na bidoni ya njano, dumu tupu lililofungwa vizuri. Akaisukuma mpaka ikamgusa kipa kwenye shavu.

"Gadien! Kamata mupira! Mupira iyi hapa!"

Kipa aliniacha mara moja akadaka bidoni. Mtu wa kazi yake.

Tuliigeuza kayaki tukapanda. Tulipofika mchangani, yeye ameshika mkia wa kayaki na sisi tunapiga kasia polepole, timu nzima ilikuja mbio. Nilifikiri wanakuja kutushukuru. Kapteni akauliza:

"Na mupira?"

Mpira ulikuwa kidoti cheupe tu, unavuka kwenda Burundi bila karatasi yoyote.

Mama wa kipa alitulaza kwake na kutupikia bugali na sombe, majani ya muhogo. Wakati wa kula, Kashindi alinifundisha yale aliyofundishwa na watu walioleta kayaki pale payoti. Alichukua sahani, ndiyo kayaki. Akafinyanga tonge, ndiye mwenye kuzama.

"Muntu anayezama hana rafiki. Anatafuta ngazi. Ukimukaribia, weye njo unakuwa ngazi. Usimupe mukono. Usimupe mbavu ya kayaki, atakupindua. Unasimama mbali, unamusemesha. Unamupa kitu ya kuelea. Akipata pumuzi na akili, unamugeuzia mukia. Akamate mukia, alale juu ya tumbo, apige miguu, weye upige kasia pole pole mpaka kavu. Hapandi ndani."

"Kumgeuzia mtu mgongo anapolia? Hiyo ni adabu gani?"

"Haiko adabu. Lakini leo ulikuwa na adabu mingi, na ulikunywa ziwa."

Kipa alicheka. Kisha akala tonge lililokuwa yeye mwenyewe.

Makobola hadi Swima

Ijumaa upepo ulitukataza kutoka mpaka mchana. Mikono yangu, iliyozoea sindano, ilikuwa imevimba kama maandazi. Kila kilima tulichopita nilimuuliza Kashindi kama ndicho Mboko, mpaka akaacha kunijibu, akaanza kuimba.

Swima tulitokea na zile jile zetu za rangi ya chungwa, kama za watu wa misaada. Kabla hatujavuta kayaki mchangani, watu walikuwa wamepanga mstari. Mstari mzuri, wa wazoefu, wazee mbele.

"Karibuni shirika," alisema mzee wa mbele. "Munagawa nini?"

"Hatugawi kitu, mzee. Sisi ni wasafiri."

"Aa. Basi muko bachunguzi. Bagawaji banakuja nyuma."

"Hapana. Mimi ni fundi wa kushona, nakwenda kwa mama mkwe."

Mzee alinitazama kuanzia jile mpaka miguu isiyo na viatu. Akageukia watu wake. "Anakataa kusema. Basi iko kitu kikubwa."

Hawakuondoka. Walituletea mikeke ya kuchoma, ya mafuta mengi, ili tuandike vizuri habari zao huko tunakoandikaga. Niliona haya, nikala kidogo. Kashindi hakuona haya. Kulipokucha Jumamosi alikuwa amejikunja kando ya choo cha wenyeji, uso wa kijivu.

"Minye siwezi kukaa juu ya kitu," alisema. "Hata kiti ya kayaki. Weye ende. Nitapata moto, pikipiki ya kulipa, huko mbele nikipona."

"Niende peke yangu?"

"Harusi ni leo, Papa Riziki. Manguo yake iko ngapi pale nyumbani?"

Nikahamia kiti cha nyuma. Mzee wa Swima alinisukumia kayaki majini na kuniambia, kwa sauti ya chini, wasisahaulike.

Swima hadi Mboko

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa peke yangu mahali pasipo na ukuta. Nilizungumza na bidoni. Niliitajia vitu vyangu vyote vya nyumbani kama vilivyopangwa: cherehani, benchi, birika, kitanda. Maji yalikuwa laini, na jambo la kushangaza ni kwamba kayaki sasa ilikwenda moja kwa moja. Nimemwachia Kashindi afikirie hilo.

Niliona mabati ya Mboko yanang'aa, na ghuba ndogo mbele yake. Ndani ya ghuba ulikuwa unavuka mtumbwi wa mbao, umejaa ndizi za harusi mpaka juu. Mzee mmoja anapiga kasia, wanawake wawili wamekaa juu ya ndizi. Mmoja nilimjua kwa namna alivyoshika kiuno hata akiwa amekaa.

"Furaha!" nikapiga kelele, na kasia nikalinyanyua juu.

Akanitazama. Akatazama ganda la manjano. Akasimama.

"Yesu! Mama, ni yeye! Ni mukwe wako!"

Sasa, mama mkwe wangu amelelewa vizuri kuliko mimi. Aliposikia neno mkwe, hakuangalia yuko wapi. Alivuta kitenge akafunika uso, akageuka ghafla kuelekea upande mwingine, kama mtu aliye njiani anayemkwepa mkwe na kuingia kichakani. Lakini pale hapakuwa na kichaka. Uzito wote, mama na ndizi, ukaenda upande mmoja. Mtumbwi ukajimwaga taratibu, kama mtu anayemwaga maji ya kunawa.

Mzee mpiga kasia aliibuka ameshika mtumbwi. Furaha naye aliibuka, ni mtoto wa ziwa. Mama mkwe alizaliwa milimani na ziwa analijua kwa macho tu. Aliibuka mbali nao, kitenge kimemzunguka shingo, anapiga maji, anazama, anatoka, na sauti aliyotoa sipendi kuikumbuka. Furaha akaachilia mtumbwi kumfuata.

"Usiende!" nikamlilia. "Atakuzamisha! Baki pale!"

Alisita. Ni mama yake. Nilimwona anachagua, na nikajua kama nikikosea, leo hakuna wa kurudi na mimi Kilibula, na pengine hakuna wa kurudi popote.

Nilipiga kasia. Niliposimama, mama alikuwa umbali wa kurushiwa maji, na alininyooshea mikono yote miwili. Mwili wangu mzima, uliolelewa vizuri, ulitaka kumpa mkono. Kisha adabu nyingine, kubwa kuliko ile, ikanishika: ni mama mkwe! Huyu haguswi! Mkono ukarudi wenyewe kwenye kasia. Nikamtupia bidoni, na macho nikayapeleka Burundi.

"Mama Riziki!" nikamwita mke wangu, kwa sababu mama siwezi kumsemesha. "Umwambie mama akumbatie bidoni!"

"Mama! Anasema ukumbatie bidoni!"

Kikohozi. Maji. Kisha pumzi fupi fupi.

"Umwambie aweke kidevu juu yake, apumue!"

"Mama, pumua! Anasema upumue!"

"Umwambie..." ilikuwa sauti ya mama sasa, imekatikakatika, "umwambie... napumua."

"Anasema anapumua!"

"Nimesikia. Umwambie sasa nageuza kayaki. Ashike mkia, ile kamba ya nyuma. Alale juu ya tumbo. Asipande!"

"Mama, usipande!"

"Nipande namna gani kwenye kitu ya mukwe?" alisema mama, kwa hasira, na hapo nikajua atapona.

Nikageuza. Nikampa mgongo wangu wote, mpana kadiri ya uwezo wake, na nikasikia mkia unavuta. Nikaanza kupiga kasia polepole. Yeye alipiga miguu nyuma, mimi nikaangalia mabati mbele, na baina yetu mita za plastiki ya manjano. Hatukugusana. Hatukutazamana. Kashindi alisema haiko adabu. Kashindi bado hajaoa.

"Umwambie aende pole," alisema mama.

"Anasema uende pole!" Furaha alikuwa tayari anaogelea kando, mbali kidogo, ana ndizi begani.

"Umwambie naenda pole."

Tulipofika kina cha magoti, mama aliachia mkia, akafunika uso kwa kitenge kinachotiririka, akapita mbele ya watu wote wa harusi waliojaa ukingoni akaingia nyumbani. Hakunitazama. Nami sikumtazama. Watu walisema ni ukwe mzuri kupita wote waliowahi kuuona.

Mboko

Walinikalisha uani, na mama akakaa ndani, ukuta katikati. Furaha alisimama mlangoni, amebeba maneno kwenda na kurudi. Riziki alikuwa anakula ndagala zangu.

"Mama anauliza: pale kwenye maji, ulimugeuzia mugongo juu ya heshima, ao juu ya kuogopa atakupindua?"

Nilifikiri. Kuna majibu ya kumpendeza mkwe, na mimi nilikuwa nimechoka sana kuyatafuta.

"Umwambie yote mawili."

Humo ndani nikasikia mtu anacheka na kukohoa kwa pamoja.

"Mama anasema," alisema Furaha, na mdomo wake ulikuwa unapigana na tabasamu, "kumbe haiko kalenda. Anasema nifunge mizigo yangu kesho. Leo tucheze harusi."

Kashindi alifika jioni juu ya pikipiki, amekaa kwa upande mmoja. Kayaki ilikabidhiwa kwa mwenyewe. Bidoni niliomba nirudi nayo.

Kilibula, tena

Tulirudi kwa boti ya injini, mafuta yakiwa yamepatikana. Furaha yuko nyumbani. Jambo lililokuwa kubwa limeisha vizuri, na mngeweza kuishia hapa.

Lakini mama mkwe ni mtu wa shukrani. Barabara ilipotengenezwa alikuja Kilibula na mikungu ya ndizi, kumshukuru mkwe wake. Akakuta ziwa liko mlangoni, akakaa barazani, kwenye benchi langu, akaweka miguu kwenye maji. Riziki anamfundisha kuogelea na ile bidoni. Na kwa vile kwa ukwe paa moja halitubebi sote wawili, mimi nilichukua cherehani nikaja payoti kwa Kashindi. Siku za kwanza nilisema ni kwa muda.

Furaha ananiletea chakula kila jioni. Jana nilimuuliza, taratibu, mama anafikiria kurudi Mboko lini.

"Nilimuuliza," alisema, akiweka sahani. "Anasema hapa kwako panakalika. Muntu akikaa kwenye ile benchi, hasikii tena hamu ya kwenda popote."

Nikamwambia amwambie mama kwamba najua.